Bomba Tupu Haligandi: Kulinda Mifereji ya Nje Msimu wa Sakitu Mau Narok, Molo na Timboroa

Ukiwa Kisumu, endelea na shughuli zako, haya hayakuhusu. Mji ule uko kando ya ziwa, mita kama 1,130 tu juu ya usawa wa bahari, na maji yake hayagandi ng'o. Hata Nakuru mjini, mita 1,850 hivi, mfereji wa nje hautakusumbua. Lakini panda na barabara ya Njoro mpaka Mau Narok, au pita Molo uelekee Mau Summit na Timboroa, ambako ardhi imefika mita 2,500 na kwingine kupita 2,700, uje uone Januari ilivyo. Saa kumi na moja alfajiri unatoka na ndoo, ng'ombe wanasubiri kuoshwa viwele, unafungua mfereji, kimya. Na mwenye gari la maziwa hangoji mtu.

Mara ya kwanza nilipoitwa kwa kazi ya namna hii nilidhani ni hewa imeingia kwenye paipu. Mzee mwenye boma alinipokea getini akiwa amekasirika.

"Fundi, ni nani amenifungia maji?"

"Hakuna aliyekufungia, mzee. Yameganda."

Alicheka, akaona namfanyia mzaha. Nikaufungua mfereji kwa spana nikamtolea kipande cha barafu chenye urefu wa kidole. Akakishika, akakiita jina ambalo siwezi kuliandika hapa.

Tangu siku hiyo nimefunika mifereji mingi na nimebadilisha mingi iliyopasuka ikiwa imefunikwa. Kufunika huchelewesha baridi tu. Kinachomaliza kazi ni kuyatoa maji kwenye ile sehemu ya paipu iliyo juu ya ardhi kabla ya kulala. Kwa hiyo nitaanza na kujua usiku wa hatari, nije kwenye paipu, halafu nikae sana kwenye namna ya kutengeneza mfereji unaojimwaga.

Ujue usiku wenyewe

Sakitu yetu haikai miezi kama baridi ya Ulaya. Huja usiku mmoja, hukaa saa chache, kuanzia kama saa tisa za usiku hadi jua lichomoze, kisha huondoka. Msimu wake mkubwa ni Desemba hadi Februari, wakati wa kiangazi. Watu wengi huogopa Julai kwa sababu mchana wake ni wa baridi na ukungu, lakini Julai mawingu hufunika ardhi usiku kama blanketi. Januari mchana ni jua kali, usiku anga ni safi, nyota zimejaa, na joto lote ambalo ardhi ilikusanya mchana linapanda juu bila kizuizi. Ndiyo maana sakitu iliyounguza majani chai kule Kericho na Nandi mwaka 2012 ilikuja Januari, si Julai.

Dalili ninazozitazama jioni ni tatu: hakuna wingu, upepo umekufa ghafla jua lilipozama, na moshi wa jikoni haupandi bali umelala bondeni. Ukiziona zote pamoja, nenda kafunge maji.

Hewa baridi ni nzito, hutiririka kama maji na kutuama mahali pa chini. Katika shamba moja, mfereji wa karibu na nyumba juu ya mteremko unaweza kuwa salama na ule wa chini karibu na kijito ukaganda. Kupima ni rahisi. Chukua visahani vitatu vya bati, vitie maji kidogo, kimoja kiweke kwenye kila mfereji, juu ya nyasi, pasipo na paa. Alfajiri vitazame. Kisahani chenye utando mwembamba kama karatasi hakinitishi. Kisahani chenye barafu ambayo unaweza kuinyanyua kama kifuniko, mfereji wake ndio wa kuanza nao.

Tazama pia nyasi asubuhi. Utaona weupe kila mahali isipokuwa chini ya upenu wa nyumba na chini ya miti. Hapo hapajapata sakitu kwa sababu paa na majani yamezuia joto lisipotee angani. Kama bado hujaweka mfereji wako wa nje, uweke chini ya upenu na umejipunguzia nusu ya kazi bila gharama.

Kwa nini paipu inapasuka

Maji yakiganda hutanuka kwa karibu asilimia 9. Lita kumi za maji hudai nafasi ya karibu lita kumi na moja. Hata hivyo paipu haipasuki kila mara pale penye barafu. Barafu ikiziba katikati na kuendelea kukua, inayasukuma maji yaliyobaki kati yake na mfereji uliofungwa. Maji hayabanwi, kwa hiyo presha inapanda mpaka kitu kinaachia: kiungo, shingo ya mfereji, kioo cha mita. Ndiyo sababu mfereji ulioachwa wazi kidogo huponea chupuchupu na uliofungwa kwa nguvu unapasuka.

Paipu nazo hazifanani. Ile nyeusi ya plastiki inayouzwa kwa roli hutanuka kidogo na kurudi. Yenyewe husamehe, viungo vyake ndivyo huchomoka. Paipu ngumu ya plastiki ya kijivu hupasuka kwa urefu kama bua la mahindi. Ya chuma huonekana ngumu, lakini chuma hupoteza joto haraka, na mfereji wa shaba nyeupe ukipata ufa tumboni hautengenezeki. Nunua mwingine.

Tembea na laini yako mchana

Anzia kwenye mita, fuata paipu hadi mwisho wake, ukiwa na jembe na kipande cha boksi cha kuchorea. Unachotafuta ni kila mahali paipu inapoiona anga: shina la mfereji, yaani ile paipu iliyosimama, paipu iliyofukuliwa na mvua, paipu inayoning'inia juu ya kijito, mdomo wa chini wa tangi, mpira wa maji uliolala shambani. Kama una mtambo wa jua wa kupasha maji juu ya paa, uandike pia. Bapa lake limelala likiitazama anga usiku kucha na maji yaliyomo yanaweza kuganda hata wakati kipimajoto cha ukutani kinasoma nyuzi mbili au tatu juu ya sifuri. Yule aliyekuuzia akuonyeshe vali ya kuumwaga.

Iliyofukuliwa ifukiwe tena. Kule kwetu ardhi yenyewe haigandi kwenda chini. Tuko karibu na ikweta na udongo wa futi moja hubaki na joto la mchana. Mimi huzika futi moja na nusu hadi mbili, na ya pili hiyo ni kwa ajili ya jembe na magurudumu ya trekta, si baridi. Tandika udongo laini usio na mawe chini na juu ya paipu kabla ya kurudisha ule mgumu.

Mfereji unaojimwaga

Huko Marekani, kwenye majimbo ya kaskazini ambako ardhi huganda futi kadhaa kwenda chini, wakulima wana haidranti ya uani. Juu unaona mdomo na mpini tu. Vali yenyewe iko chini kabisa, chini ya kina ambacho baridi hufika, na inafunguliwa kwa fito ndefu iliyo ndani ya shina. Ukifunga, tundu dogo lililo karibu na vali linafunguka na maji yaliyobaki ndani ya shina yanashuka na kumwagika kwenye kokoto zilizozikwa pale. Shina linabaki tupu. Haidranti za zimamoto za kule kwenye baridi hufanya vivyo hivyo, hukaa kavu hadi siku ya moto. Zile za sehemu za joto kama California hukaa na maji hadi mdomoni. Kosa ambalo hata wao hulifanya ni kuacha mpira wa maji umefungwa kwenye mdomo usiku. Hewa haiingii, maji hayashuki, na kifaa cha pesa nyingi kinapasuka kama cha bei ya chini.

Huhitaji kuagiza kitu hicho. Unachohitaji ni vali mbili na shimo. Hivi ndivyo ninavyofanya:

1. Funga maji kwenye mita. Kazi yako yote iwe upande wa baada ya mita. Kabla ya mita ni mali ya kampuni ya maji na usiiguse.

2. Pale paipu inapokaribia shina, chimba shimo la futi mbili kwa mbili, kina futi tatu. Lichimbe mahali palipoinuka kidogo, mbali na choo na mbali na zizi. Hili la zizi nalisisitiza, nitaeleza sababu.

3. Mwaga kokoto futi moja chini ya shimo. Zinatosha kabisa. Mita moja ya paipu ya robo tatu ya inchi hubeba kama theluthi ya lita, kwa hiyo shina na kipande chake cha chini havitoi hata lita mbili. Usichimbe kisima.

4. Kata paipu ndani ya shimo. Weka hapo vali kubwa kwanza. Napendelea ile yenye mpini wa kuzungusha robo, kwa sababu hata gizani unajua imefungwa: mpini ukilala kukingama na paipu, imefungwa. Ile ya gurudumu la kuzungusha huzibwa na mchanga na baada ya miaka michache haifungi vizuri.

5. Mara tu baada ya vali, weka tii, yaani kiungo chenye midomo mitatu. Tawi moja linaenda kwenye shina. Tawi la pili liangalie chini, lifungwe mfereji mdogo wa kumwagia, mdomo wake uning'inie kiganja kimoja juu ya kokoto. Usiuzike ndani ya kokoto.

6. Kama kuna paipu iliyolala kati ya tii na shina, hakikisha inapanda kidogo kuelekea shina. Ikishuka hata kidogo katikati, maji yatabaki pale tumboni na kazi yako yote ni bure. Weka kamba au pimamaji ya mwashi, usiamini jicho.

7. Funga viungo kwa tepu nyeupe ya kuzibia nyuzi za paipu, mizunguko ya kutosha, ukizungusha upande ule ule ambao kiungo kinakazwa. Rudisha maji, kagua kama kuna kinachovuja kabla ya kufunika chochote.

8. Jenga ukingo wa matofali hadi kiasi cha nusu futi juu ya ardhi ili maji ya mvua yasiingie, kisha weka kifuniko cha mbao nzito ambacho mtoto hawezi kukisogeza. Chini ya kifuniko tupia gunia lililojazwa majani makavu.

Jioni: zima vali kubwa, fungua mfereji wa juu, halafu fungua ule mdogo wa shimoni. Lazima wa juu uwe wazi, la sivyo hewa haiingii na maji hayashuki, kama vile unavyoziba mrija wa soda kwa kidole. Utasikia mlio wa maji yakishuka, halafu kunyamaza. Uache wa juu wazi hadi asubuhi.

Asubuhi: funga wa shimoni kwanza, kisha fungua vali kubwa polepole, hewa itoke kwa kukohoa kwenye mfereji wa juu, ndipo uufunge. Ukifungua vali kwa ghafla, maji yanaipiga paipu kama nyundo na viungo vinalegea.

Sasa lile la zizi. Tundu la kumwagia lililo wazi kwenye shimo lililofurika maji machafu linaweza kuyanyonya yakaingia kwenye paipu. Ndiyo maana sipendi tundu lililozikwa lisiloonekana, na ndiyo maana nataka mfereji mdogo unaofungwa na shimo kavu. Mvua kubwa za Machi hadi Mei zikianza, hakuna sakitu. Funga ule mdogo uusahau. Na siku zote za msimu, ndoo ya kwanza ya asubuhi ni ya ng'ombe au ya kufagilia, si ya chai.

Kwa wasioweza kuchimba

Mpangaji hawezi kuchimba uwanja wa mwenye nyumba. Basi funika, lakini funika vizuri. Gunia peke yake likilowa umande halisaidii kitu, kwa sababu maji yaliyomo humo huiondolea paipu joto. Kitu cha ndani kiwe kikavu na chenye hewa: sponji ya godoro kuukuu, blanketi lililochakaa, au pamba ya kondoo. Ukiwa Molo, kwenye kondoo wao wanaojulikana hadi hoteli za Nairobi, pamba ya kunyoa haiwezi kukupiga chenga.

Anza chini kabisa, kiganja kimoja ndani ya udongo, ukipanda na kuzungushia hadi shingo ya mfereji. Kwenye kona, hasa elbo ya juu, zungushia mara mbili, pale ndipo baridi hupenya. Juu yake zungushia nailoni, pia kutoka chini kwenda juu, kila mzunguko ukilalia ule wa chini yake kama vigae vya paa ili mvua isiingie. Funga kwa vipande vya tyubu kuukuu ya baiskeli. Kamba ya katani hulegea ikilowa. Mwisho, usiku funika mfereji wote kwa ndoo iliyopinduliwa na uweke jiwe juu yake. Ile ndoo inafanya kazi ya upenu, na kwa maoni yangu inasaidia kuliko watu wanavyofikiri.

Kumbuka tu kwamba blanketi halina moto wake. Kwa usiku wa kawaida wa sakitu, saa tatu nne, linatosha. Kwa ule usiku ambao visahani vyote vitatu vinageuka vioo, halitoshi, na hapo ni bora uufungue mfereji kidogo maji yadondoke kama uzi, yadondokee kwenye birika la mifugo au pipa na si chini. Silipendi sana shauri hili. Januari ni kiangazi, maji yana mgao, na mita inahesabu usiku kucha.

Mpira wa maji uondoe jioni, uinue upande mmoja utoke maji, uuning'inize. Na jaza mitungi miwili ya lita ishirini uiweke jikoni. Hiyo ndiyo bima ya kukamua asubuhi, hata kwa mwenye shimo na vali zote.

Kama tayari yameganda

Usikimbilie moto. Nimeona kijana amewasha gazeti chini ya paipu ya plastiki. Ilivyoishia hakuna haja ya kueleza. Mimi mwenyewe, nikiwa mwanafunzi wa kazi hii, nilimwagia mita maji ya birika yaliyokuwa yakichemka ili kumfurahisha mama mmoja aliyekuwa na haraka. Kioo kilipasuka mkononi mwangu na gharama ikakatwa kwenye ujira wangu wa juma hilo.

Fungua mfereji kwanza, ili maji na mvuke vipate njia ya kutoka. Chovya kitambaa kwenye maji ya uvuguvugu, yale ambayo mkono unayavumilia, ukizungushie kuanzia kwenye mdomo wa mfereji, kisha teremka nacho taratibu kuelekea chini. Ukianzia chini, maji yanayoyeyuka hukwama nyuma ya barafu ya juu. Badilisha kitambaa kila kinapopoa. Mara nyingi dakika kumi na tano zinatosha, na kama huna haraka, saa tatu asubuhi jua litakuwa limekufanyia kazi hiyo bure.

Maji yakirudi, usiondoke. Ufa wa barafu hauonekani barafu ikiwa bado imeuziba, unajitokeza baadaye. Funga mifereji yote ya nyumba na ya nje, uende kwenye mita na utazame kile kigurudumu kidogo kwa dakika tano. Kikisimama, uko salama. Kikizunguka, hata polepole, funga vali kubwa na uanze kukagua kiungo kimoja kimoja, kuanzia shingo ya mfereji ulioganda ukirudi nyuma kuelekea mita.